Mafuta Katika Kisima cha Mama Mdogo

Baba yangu huuza mafuta. Petroli kwa bodaboda, dizeli kwa mashine za kukoboa mpunga, na mafuta ya taa kwa wazee wachache ambao bado hawajaziamini taa za sola. Duka letu liko pembeni ya barabara iendayo Ikolo, kwenye uwanda wa mpunga na kokoa, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Babu mzaa baba alifika huku akitokea Lindi na marobota ya vitambaa, akaoa, akabaki. Baba akaacha vitambaa, akashika mapipa. Mimi nilibaki naye dukani baada ya masomo kunishinda. Mdogo wangu wa kike masomo yalimkubali, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam.

Asubuhi moja mteja wetu wa siku nyingi, dereva wa bodaboda mwenye mke na watoto, alizima pikipiki mbele ya duka, na badala ya kutaja lita akatoa simu mfukoni.

"Mzee, huyu si binti yako?"

Baba akavaa miwani. Kwenye video mdogo wangu alikuwa mbele ya kundi la vijana, ameinua bango lililoandikwa MAFUTA YABAKI ARDHINI. Alikuwa akipaza sauti, na sauti yenyewe ilikwisha pasuka. Baba aliitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea nao waone. Mimi nilikuwa nangoja nisikie atajitetea vipi, maana kila aliyekuwa pale alikuwa na dumu mkononi.

"Ndiye," akasema, akirudisha simu. "Sauti imemkauka. Wenzake hawakumpa hata maji. Haya, nikutilie ngapi?"

Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini siku ile yote alikuwa mzito. Jioni tulipokuwa tunafunga aliniuliza kama mdogo wangu anasoma kweli au ni kuandamana tu. Nikamwambia anafanya vyote viwili. Baba alikagua vifuniko vya mapipa, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda msikitini.

Likizo ilipofika, mdogo wangu alikuja nyumbani. Alikuwa amekonda kidogo na alikuwa anaongea haraka kuliko zamani, ila alikuwa yuleyule: kabla hata hajafungua begi alikwenda kumsalimia jirani yetu, mama wa Kinyakyusa tuliyezoea kumwita mama mdogo ingawa hatukuwa na udugu naye wa damu. Mama yetu alipofariki mdogo wangu alikuwa hajaanza shule, na yule mama ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha baba akiwa dukani. Yeye ni Mkristo, sisi ni Waislamu, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo lilipotuletea shida. Tulikunywa maji ya kisima chake, yeye alichukua mafuta ya taa kwetu, na hakuna aliyeandika popote.

Usiku nilipika wali na mbasa, samaki wa ziwa letu. Nilipika kwa gesi, na nadhani mtungi ule ndio uliomfungua baba mdomo.

"Huu nao ubaki ardhini?" akauliza, akionyesha jikoni kwa kidevu.

Mdogo wangu akatabasamu. Inaonekana alikuwa amejiandaa. "Baba, mimi sisemi kesho tuamke bila gesi na bila petroli."

"Bango lilisema hivyo."

"Bango lina nafasi ndogo."

"Basi ungeandika kwa herufi ndogo, habari yote iingie," baba akasema. Aliendelea kula, kisha akataja vitu kimoja kimoja, bila hasira: basi lililomleta, kandambili zilizokuwa mlangoni, ndoo aliyoogea jioni ile, turubai la kuanikia kokoa, nyavu za wajomba zake kule ziwani, hata ile simu aliyorekodiwa nayo. "Vyote hivyo vina mafuta ndani yake. Nani atawaambia watu wavitupe? Wewe?"

"Sitaki wavitupe. Nataka tusije tukachimba chini ya ziwa kwa sababu tumezoea vitu hivyo. Likichafuka lile ziwa, baba, hakuna fundi wa kulisafisha. Nyie mna mapipa. Ziwa halina kifuniko."

Wakati ule kulikuwa na minong'ono tu, kwamba huenda siku moja mafuta yakatafutwa chini ya ziwa letu. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Lakini mdogo wangu aliamini kwamba watu wanatakiwa kuulizwa kabla, si baada, na hilo baba hakulipinga. Alichopinga ni kwamba mtoto wake aonekane anawasema watu wa kazi yake. Nilimwelewa. Nilimwelewa na mdogo wangu pia, na nilipokaa katikati yao nikiokota miiba ya samaki nilijiona sina faida kwa yeyote.

Wiki iliyofuata tulikwenda Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, mimi na yeye, kumwona bibi mzaa mama. Mdogo wangu alikuwa ameomba pia akutane na watu wa kijiji azungumze nao kuhusu ziwa. Tulipanda boti la injini pale Matema. Mwenye boti alichanganya petroli na oili mbele yetu, akavuta kamba, na moshi wa buluu ukatupita usoni. Mdogo wangu akafunika pua kwa kitenge, kisha akakishusha haraka, nadhani kwa kuogopa asionekane anajidai.

Bibi alikuwa uani anafinyanga chungu. Ni kazi ya wanawake wote wa kule, na huifanya kwa mikono tu: anauzunguka udongo, anaukwangua, anaulainisha. Alitusalimia bila kusimama kwa sababu udongo ulikuwa haujashika. Kwenye kivuli cha nyumba yake kulikuwa na ndoo mbili za plastiki zimejaa maji ya ziwa.

"Bibi," mdogo wangu akamwambia, akitania, "mfinyanzi mzima unachota maji na plastiki?"

"Shingo yangu imezeeka," bibi akajibu. "Chungu kina uzito wake kabla hujatia maji. Hizi ndoo zimenipunguzia wateja, ni kweli. Zimenipunguzia na maumivu. Sasa nizichukie nusu?"

Mkutano ulifanyika mchana, nje ya kanisa. Walikuja wanawake wengi, wavuvi wachache, na mwenyekiti wa kitongoji. Mdogo wangu alizungumza vizuri. Aliwaeleza habari za mahali pengine ambako mafuta yalivuja na samaki wakapotea. Walimsikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Alipomaliza, mvuvi mmoja wa makamo aliomba kusema.

"Binti, tunakushukuru. Ndaga fijo. Mimi nina watoto wanne na ziwa halinipi kama lilivyompa baba yangu. Usipa, dagaa wetu hawa, wamepungua, na mafuta hayajachimbwa bado. Wakija hao watu na kazi, wewe utaniletea nini nikiwakatalia?"

Mdogo wangu alianza kujibu, akasita. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, kwamba vijana hawa hutumwa na watu wa nje. Mdogo wangu akageuka. "Mimi mjukuu wa nyumba ile pale," akasema, akionyesha kwa bibi. "Sijatumwa na mtu." Yule mwanamke akainamisha macho. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala.

Wakati wa kurudi alikaa mbele ya boti, amenipa mgongo, na nilimwona akipangusa macho. Nilijua si maji ya mawimbi. Tuliposhuka Matema aliniambia, "Dada, walinisikiliza kama mgeni."

"Ulizungumza kama mgeni," nikamwambia. "Ulianza na samaki wa nchi nyingine. Ungeanza na bibi."

Hakukasirika. Alinishika mkono tukaenda kutafuta gari. Likizo ilipoisha alirudi Dar es Salaam, na baba alimfungia mchele na kokoa kidogo ya kumpelekea mwalimu wake. Hawakuwa wamepatana wala hawakuwa wamegombana.

Masika ya mwaka ule yalikuja vibaya. Mvua ilinyesha mfululizo mpaka mto ukatoka njiani mwake, na alfajiri moja tuliamka maji yakiwa sebuleni. Majirani wote walikuwa nje wanahamisha mpunga, kuku, magodoro. Baba na mimi tulikimbilia dukani, tukaokoa tulichoweza. Kwenye stoo ya nyuma, ambako baba huweka mapipa, maji yalikuwa yamefika kiunoni. Mapipa matupu yalikuwa yanaelea na kugongana, na pipa moja la dizeli lililokuwa na mafuta nusu lilikuwa limelala ubavu, kifuniko hakipo. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi ukielekea mlangoni, unatoka taratibu kuelekea bondeni.

Baba alisimama akiutazama. Bondeni ndiko kilipokuwa kisima cha mama mdogo.

Maji yalipopungua kila mtu alikuwa na matope yake ya kuzoa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyelifikiria lile. Kisha mama mdogo akaja dukani na bakuli la maji. Hakupiga kelele. Alimpa baba bakuli kama anayempa uji.

"Shemeji, nusa."

Alizoea kumwita baba shemeji kwa heshima ya marehemu mama. Baba akanusa. Akaninyooshea mimi, nikanusa. Ilikuwa harufu ya stoo yetu.

"Nilidhani ni sufuria," mama mdogo akasema. "Nilichemshia chai jana, nikatapika. Nikabadilisha sufuria. Leo nimechungulia kisimani nikaona yanang'aa."

"Ni mimi," baba akasema. "Ni pipa langu."

"Najua. Nani mwingine ana mapipa hapa?" Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, na hapo ndipo sauti ilipomtetemeka. "Kisima kile alikichimba mume wangu kwa mikono yake. Sasa nitakunywa wapi?"

Baba alifunga duka, saa tano ya asubuhi, wateja wamesimama nje. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo ila siku ya msiba wa mama.

Aliniambia nisimwambie mdogo wangu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, nikashindwa, nikampigia simu. Nilidhani atasema, "Niliwaambieni." Hakusema. Aliuliza mama mdogo anaendeleaje, akauliza kina cha kisima, kisha akasema anakuja. Alifika na basi la usiku, uso umevimba kwa usingizi, akaenda moja kwa moja kisimani bila kupita nyumbani. Baba alikuwa kule tayari, suruali imekunjwa magotini, anafyonza mafuta juu ya maji kwa vipande vya godoro. Alizamisha kipande, akakikamua kwenye dumu, akazamisha tena.

"Umekuja kurekodi?" baba akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukamua," akasema. Akavua viatu, akachukua kipande.

Tulikamua siku ile na zilizofuata. Mtu mmoja wa kijiji cha Talatala alituazima pampu ya kuvutia maji shambani, na baba akaitia petroli, tukavuta maji ya kisima mpaka kwenye tope. Mdogo wangu aliwasiliana na mwalimu wake wa chuo, akatueleza kwamba maji yale tusiyamwage mtaroni bali tuyaweke kwenye mapipa mpaka mafuta yajitenge juu. Baba alifanya kila alichoambiwa. Maji ya kunywa tulimletea mama mdogo kwa pikipiki, madumu yamefungwa pande zote mbili, kutoka bomba la mjini, na baba mwenyewe aliyabeba mpaka jikoni kwake.

Siku moja tukiwa tumepumzika, simu ya mdogo wangu ilikuwa inalia kila mara. Alisoma, akaiweka kifudifudi. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba wenzake kwenye kundi wamesikia, na wanataka picha. Kisima chenye mafuta, muuza mafuta, na binti yake mwanaharakati. Walimwambia hakuna bango litakaloshinda picha hiyo.

"Wanasema kweli," akasema. "Hicho ndicho kinachoniuma. Watu wangeelewa."

Baba alikuwa anasikia. Akasema, "Piga. Mimi sitajificha. Ni pipa langu."

Mdogo wangu akatazama chini. Mama mdogo, ambaye alikuwa ametuletea ndizi za kuchemsha, aliweka sahani chini polepole.

"Mmeniuliza mimi?" akasema. "Baba yenu anatoa ruhusa ya kisima changu. Mimi sitaki kuwa mama wa maji machafu kwenye simu za watu nisiowajua. Nikipita sokoni waninyooshee kidole. Mnataka kuwaambia watu? Waambieni kwa mdomo, mkiwa mmesimama mbele yao, na mimi nikiwepo nikiwasikia."

Mdogo wangu aliwaandikia wenzake kwamba hakutakuwa na picha. Baadhi walimwelewa, mmoja alimwambia ameweka familia mbele ya dunia. Maneno yale yalimkaa moyoni. Nilimwona akiyasoma mara nyingi, na usiku aliniuliza kama ni kweli. Nilimwambia sijui. Nilimwambia pia kwamba kama angepiga ile picha, mimi ningeshindwa kula naye sahani moja, na hilo nililijua kwa hakika. Akalala mkono wake ukiwa begani kwangu, kama alipokuwa mdogo.

Kisima hakikupona. Tulivuta, tukangoja kijae, tukavuta tena, na kila mara harufu ilirudi, hafifu lakini ipo. Maji yake sasa ni ya kufulia na kumwagilia migomba. Baba alitafuta wachimbaji, wakachimba kingine upande wa juu, mbali na stoo, wakakijengea mdomo wa saruji na mfuniko wa chuma. Mama mdogo alichota maji ya kwanza, akayaonja, akasema, "Matamu. Si kama yale, ila matamu." Baba alisikia yote mawili. Stoo nayo aliibomoa, akainua msingi mpaka juu ya alama ya maji ya mafuriko, na mapipa akayafunga kwa minyororo. Bado anauza mafuta. Hakuna aliyemwomba aache, hata mdogo wangu.

Nilichokuwa sikitarajii ni mkutano wa kijiji uliokuja baadaye. Mfanyabiashara mmoja kutoka mjini alitaka kujenga sheli, na alikuwa amepata kiwanja karibu na mto, penye bei nafuu. Wananchi tukaitwa tusikie. Mfanyabiashara alieleza vizuri: taa, choo cha wasafiri, ajira. Watu walipiga makofi, hata mimi. Baba akanyoosha mkono. Nilishtuka, maana si mtu wa kusema mikutanoni, na kila mtu alijua sheli ile ingeua duka letu.

"Matangi yatakaa wapi maji yakipanda?" akauliza.

Kukawa na kicheko. Mtu mmoja akasema, "Mzee anaogopa kukosa wateja."

"Naogopa," baba akasema. "Sikatai. Usingizi wangu umepungua tangu niliposikia. Lakini niulizeni kisima cha jirani yangu kiko wapi." Akageuka kumtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake wa kwaya. Alimwitikia kwa kichwa, na ndipo baba akaeleza yote: pipa, kifuniko, bakuli la maji, chai iliyomtapisha mtu. Hakujipendelea. Alipomaliza alisema, "Pipa langu lilikuwa moja, tena nusu. Huyu bwana analeta matangi. Mimi sisemi asijenge. Nasema asijenge pale."

Mfanyabiashara hakufurahi, lakini hakumkatiza. Majadiliano yalikuwa marefu. Wengine walisema tunafukuza maendeleo. Wengine, hasa wanawake wanaochota maji, walisimama mmoja mmoja kumuunga mkono baba, na mmoja wao alisema jambo ambalo mdogo wangu angelipenda, kwamba anataka sheli na anataka maji, na haoni kwa nini aambiwe achague. Mwishowe ikakubaliwa kiwanja kitafutwe upande wa juu. Kilipatikana, ghali zaidi, na sheli ikajengwa huko. Ni kweli ilituchukulia wateja wengi. Siku hizi tunauza zaidi oili, vipuri vya pikipiki na mitungi ya gesi.

Jioni ya mkutano nilimpigia mdogo wangu simu nikamsimulia. Alikuwa amemaliza chuo, anafanya kazi na wenzake walewale, pamoja na yule aliyemlaumu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaomba aongee na baba. Nilimpelekea simu nje, alikokuwa anatawadha.

Sikusikia alichoambiwa. Nilisikia tu upande wa baba. "Hapana," alikuwa akisema. "Hapana, mwanangu, mimi si mwanaharakati. Mimi ni mtu mwenye jirani." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, maji yanamdondoka viwikoni, na nikamwona anacheka.